Wadudu Hai kwa Vifaranga: Chakula au Sumu?

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, walinena wahenga. Mimi naongeza kwamba kifaranga wa Nairobi hakosi boksi. Ukipita Kibera, tangu Makina hadi Laini Saba, au ukizunguka Kawangware upande wa Gatina na Congo, utawasikia vifaranga wakilia ndani ya katoni iliyowekwa chini ya kitanda au kando ya jiko ili wapate joto. Mama amenunua kumi au ishirini wa siku moja kutoka kwa mchuuzi, na anahesabu kwamba baada ya miezi mitano hivi wataanza kutaga. Katika nyumba nyingi ninazozijua, hao kuku ndio karo ya muhula wa tatu. Wakifa wote katika wiki ya pili, si kuku tu waliokufa.

Sasa, unga wa vifaranga unaouzwa agroveti ni ghali. Kwa hivyo wengi wetu tumezoea kutoka na mkebe kutafuta wadudu: mchwa, panzi, mende na kadhalika. Jambo hili si baya. Waama, ni jambo la asili kabisa. Lakini msomaji mpenzi, mdudu wa mjini si mdudu wa shambani, na ndiyo sababu nimeonelea niandike makala haya.

Kwanza tujue kwa nini kifaranga anahitaji mdudu. Pumba za mahindi na makombo ya ugali humpa nguvu, lakini hazimpi protini ya kutosha ya kujenga nyama na manyoya. Zaidi ya hayo, protini ya mahindi ina upungufu wa zile sehemu ambazo wataalamu huziita lisini na triptofani. Mdudu anazo. Ndiyo maana viwandani huchanganya unga na omena au soya. Omena nayo, kama mnavyojua, sisi wenyewe tunaigombania sokoni, tena kwa kupimiwa na mkebe.

Mtazame kuku mama aliye na vifaranga. Akipata mdudu hali peke yake. Hutoa sauti fulani ya haraka, ko-ko-ko-ko, humdonoa yule mdudu, humwangusha chini, humdonoa tena mpaka amevunjika vipande, ndipo watoto wakaja mbio. Mama huyu anafanya kazi tatu kwa wakati mmoja: anachagua mdudu, anamuua na anamkata. Kifaranga wa kwenye boksi ametoka kwa mashine ya kuangulia, hana mama. Atameza chochote kinachotembea mbele yake. Yaani wewe mwenye mkebe ndiye kuku mama, na zile kazi tatu ni zako.

Tuanze na ya kuchagua, kwa maana hapo ndipo wengi hufa.

Kila mtaa una yule mtu wa dawa. Hupita na kipaza sauti kilichorekodiwa, kinarudia maneno yale yale toka asubuhi hadi jioni: "Dawa ya panya! Dawa ya mende! Dawa ya kunguni! Dawa ya viroboto!" Hata mtoto wa miaka mitatu anaweza kukuimbia. Dawa yenyewe mara nyingi huja katika kichupa au karatasi isiyo na maandishi yoyote, kwa hivyo anayenunua hajui ni sumu gani, na anayeuza pengine naye hajui. Isitoshe, nyumba zetu zimeshikana, bati kwa bati. Jirani akipuliza dawa usiku, mende wake hawakai kungoja kifo. Wanahamia kwako.

Sumu nyingi za aina hii hushambulia mishipa ya fahamu. Mende aliyeipata hapotei papo hapo. Kwanza anapoteza mwelekeo, anatoka mafichoni mchana kweupe, anatembea kama mlevi wa chang'aa, miguu inatetemeka, kisha analala chali. Mende mzima, nyote mnamjua, huwezi kumshika kwa urahisi. Ukiwasha taa tu amekwenda. Basi yule anayekubali kushikwa ndiye mgonjwa, na yule mgonjwa ndiye kifaranga anayempenda zaidi kwa sababu hakimbii. Hapo ndipo mtego ulipo.

Kumbuka kwamba kifaranga wa siku moja ana uzito wa karibu gramu 40 tu. Kiasi cha sumu ambacho kuku mkubwa anaweza kukivumilia kwa kuharisha kidogo, kwake ni mauti. Dalili huja upesi: ute unatoka mdomoni, mwili unatetemeka, miguu inakosa nguvu, anahema mdomo wazi. Ukiziona dalili hizi kwa kifaranga mmoja, ondoa chakula chote kilichomo ndani ya boksi, badilisha maji, watenge walio wagonjwa mahali penye joto na ukimbie kwa afisa wa mifugo ukiwa na ile karatasi ya dawa ikiwa ilipatikana. Nawe unawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika kitu kingine.

Watu watauliza, je, tukiwakamata mende nyumbani kwetu ambako hatujapuliza? Jawabu langu ni hili: maadamu huwezi kujua jirani alipuliza lini, mende wa ndani ya nyumba asilishwe kifaranga kabisa. Najua ni wengi na ni wa bure. Lakini bure ya namna hii ni ghali.

Onyo hili la sumu si la Kibera pekee. Nzige wa jangwani walipoingia nchini mwishoni mwa mwaka 2019, ndege zilitumwa kuwapulizia dawa. Mnamo mwaka 2021 kulikuwa na mradi wa kampuni iitwayo The Bug Picture katika sehemu za Laikipia, Isiolo na Samburu, ambao uliwanunua nzige kutoka kwa wanavijiji kwa shilingi 50 kila kilo, wakakaushwa na kusagwa kuwa chakula cha mifugo na mbolea. Adui akageuzwa lishe! Lakini waliokusanywa ni wa makundi yaliyotua karibu na makazi ya watu, mahali ambapo dawa haikuweza kupulizwa. Nzige aliyepuliziwa hafai kuliwa na kuku wala na binadamu, hata akionekana mnono namna gani.

Hali kadhalika viwavi na panzi wa kwenye sukuma wiki. Pale Kibera kuna watu wengi wanaopanda mboga ndani ya magunia mbele ya nyumba, na viwavi wa hapo ni chakula kizuri. Muulize tu mwenye gunia: "Mama, umepiga dawa?" Akikuambia amepiga juzi, sema asante, uende kwingine.

Hatari ya pili ni uchafu. Hapa nitasema mambo ambayo si ya mezani, mnisamehe.

Katika mitaro yetu na kwenye majaa ya taka hukosi mzoga wa panya au paka. Mzoga huo ukioza, kuna bakteria ambao hutengeneza humo ndani sumu kali iitwayo botulini. Mabuu ya nzi hula ule mzoga na sumu yake haiwadhuru hata kidogo. Wanaibeba tu. Kifaranga akila mabuu hawa, kwanza miguu inalegea, halafu mabawa, mwisho shingo inashindwa kubeba kichwa, kichwa kinalala chini kama ua lililokatwa. Wazee wa kuku huuita ugonjwa wa shingo kulegea. Wengi hudhani ni Newcastle, wakalaumu chanjo. Kwa hivyo funza wa kwenye mzoga, hata kama mkebe umejaa kwa dakika mbili, mwage mbali na kuku.

Kuna tena minyoo. Tegu wa kuku hawezi kumaliza maisha yake ndani ya kuku peke yake. Yai lake hutoka na kinyesi, humezwa na mdudu, likakua ndani ya huyo mdudu, na kuku akimla mdudu basi tegu amefika nyumbani. Aina mojawapo hutumia sisimizi, nyingine hutumia mbawakawa, nyingine hata nzi wa nyumbani. Kuna pia mnyoo mdogo aishiye chini ya kope la jicho la kuku, naye hupitia kwa aina fulani ya mende anayejificha udongoni. Kwa sababu hiyo usiokote wadudu mahali ambapo kuku wakubwa wanashinda wakinya, wala kando ya choo. Mdudu wa chooni ana mambo yake mengine pia ambayo hayahitaji maelezo.

Tukija sasa kwa kazi ya pili na ya tatu, yaani kuua na kukata.

Huko Ulaya na Marekani kuna watu wanaofuga buibui. Usicheke, ni kweli. Ni wale wakubwa wenye manyoya, na mmojawapo anayependwa sana ni wa rangi ya machungwa kutoka huku kwetu Afrika Mashariki, ambaye wafugaji wanamwita kwa jina la milima ya Usambara ya Tanzania. Mtoto wa buibui huyo ni mdogo mno, na wenye kumfuga wana masharti yao: nyenje anayepewa asiwe mkubwa kuliko mwili wa buibui, akiwa mkubwa, auawe kwanza au akatwe mguu tu apewe, na nyenje asiyeliwa aondolewe, kwa sababu buibui anapojivua ngozi huwa laini na dhaifu, na nyenje aliyeachwa humo anaweza kumtafuna. Chakula kikamla mlaji!

Niliposoma hayo niliona kwamba masharti ya kifaranga ni yale yale, ila hatujayaandika. Kifaranga wa wiki ya kwanza apewe mdudu asiyezidi urefu wa mdomo wake. Panzi mkubwa mvunje kichwa, mng'oe ile miguu ya nyuma yenye miiba, umkate vipande. Na usitupe kipande kimoja kikubwa katikati ya boksi. Umewahi kuona? Mmoja atakinyakua na kukimbia nacho, wale wengine kumi na tisa wanamfuata mbio kama mpira wa chandimu, na mwenye nacho anameza haraka haraka kabla hajapokonywa. Hapo ndipo wanaposakamwa, au mdogo wao anakanyagwa. Tawanya vipande vidogo vidogo pembe zote ili kila mmoja awe na shughuli yake.

Baada ya nusu saa, angalia ndani ya maranda. Mdudu yeyote aliyejificha mtoe. Mbawakawa wadogo weusi wakishaingia kwenye maranda huzaana humo na hueneza magonjwa kutoka kundi moja la kuku hadi jingine. Usiku ndio mbaya zaidi kwa sababu vifaranga wamelala. Na siafu, ambao hakuna anayewaleta kwa hiari, huja wenyewe wakisikia harufu ya mabaki. Usiku mmoja wanamaliza boksi zima. Walio na boksi juu ya meza huweka kila mguu wa meza ndani ya mkebe wenye maji. Ni ujanja wa zamani na unafanya kazi.

Ni mdudu gani basi aliye bora? Kwa maoni yangu, mchwa. Ni laini, hana harufu, na anapatikana mahali pengi penye udongo mwekundu, Kawangware ikiwemo, hasa karibu na mbao kuukuu. Namna ya kuwapata imetoka mashambani, magharibi mwa nchi, na haihitaji pesa. Chukua chungu kibovu au mkebe mkubwa, ujaze mabua makavu, samadi kavu au vipande vya katoni, unyunyizie maji kidogo, halafu uufunike kichwachini juu ya mahali ambapo mchwa wanapita. Juu yake weka gunia ili pasiwe na jua kali. Kesho yake asubuhi mapema, kabla jua halijapanda, inua na ukung'ute. Utakuta mkebe umejaa. Wale wenye vichwa vikubwa na taya ni askari, nao huuma. Kwa vifaranga wadogo sana wachambue, uwape wale weupe wafanyakazi. Mvua zikianza kunyesha kuna kumbikumbi pia, lakini hao sina haja ya kueleza, maana kabla hawajafika kwa kuku tumeshawakaanga.

Wa kuepuka ni nyuki, nyigu, viwavi wenye manyoya yanayowasha na yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi ambaye ulimwengu mzima unamwita kwa jina la mji wetu, Nairobi flai. Huyu haumi wala hadungi. Maji ya mwili wake yana sumu ya kuunguza ngozi, ukimponda tu mkononi au shingoni kesho yake una malengelenge. Baada ya mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 walijaa mjini, na wazazi wetu wangali wanasimulia. Ukimkuta kwenye mkebe wako mpulize aende zake, usimguse.

Njia iliyo salama kupita zote ni kuwafuga wadudu wako mwenyewe, maana hapo unajua walikula nini. Mdudu anayefaa ni nzi askari mweusi, kwa jina la kisayansi Hermetia illucens. Asili yake ni bara la Amerika lakini sasa ameenea duniani, na hapa Nairobi wataalamu wa kituo cha icipe, kule Duduville, Kasarani, wamemchunguza kwa miaka mingi. Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, Mkenya mwenzetu. Mnamo mwaka 2017 shirika la viwango nchini, KEBS, lilitoa kanuni za wadudu waliokaushwa wanaotumiwa katika chakula cha mifugo, kwa hivyo si mzaha wa watoto wa mtaani.

Nzi huyu akiwa mzima anafanana na nyigu mweusi, ana madirisha mawili angavu tumboni na miguu iliyo na ncha nyeupe. Hauumi, wala hana tamaa ya sufuria yako kama nzi wa kawaida. Anaishi siku chache, anataga mayai kama 500, amemaliza. Mayai huanguliwa kwa siku nne hivi, na mabuu hula taka kwa wiki mbili hadi tatu. Utawatambua kwa kuwa ni bapa, ngozi ni ngumu yenye pingili, na wakikomaa hugeuka weusi na kuanza kutambaa kutoka kwenye taka kutafuta pakavu. Wale weupe laini waliochongoka upande mmoja ni wa nzi wa nyumbani. Hao usiwatake.

Tumia ndoo ya plastiki iliyotobolewa chini ili maji yatoke. Weka maganda ya viazi na ndizi, majani ya sukuma na matunda yaliyoharibika kutoka kwa mama mboga. Nyama usiweke, samaki usiweke, na kinyesi usiweke. Juu ukingoni bandika vipande vya katoni yenye mitaro. Nzi hupenda kutaga ndani ya ile mitaro. Wa kwanza kuja watakuwa nzi wa kawaida, usikate tamaa. Miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, mambo huenda polepole. Mabuu wakiwa tayari, waweke siku moja kwenye pumba kavu ili tumbo litoke uchafu, wasuuze, na kwa vifaranga wadogo watie kwenye maji ya moto kwanza. Ndiyo, hapo hawatakuwa hai tena, lakini vijidudu vingi navyo vitakuwa vimekufa, na kifaranga hajali.

Kuna waliowahi kusikia kwamba hata uchafu wa vyoo hulishwa mabuu haya. Ni kweli kampuni ya Sanergy, iliyoanza na vyoo vya Fresh Life huko Mukuru, ilitumia njia hiyo. Lakini ile ni kazi ya kiwanda, yenye mitambo ya joto na watu wa kupima. Wewe una ndoo na kibiriti. Usijaribu.

Kuhusu kiasi, mdudu ni kitoweo, si ugali. Kwetu tunapima kwa kizibo cha soda: kizibo kimoja cha mchwa kwa kila kifaranga kwa siku, kuanzia siku ya nne, na unga wao hauondolewi. Maji safi yawepo wakati wote. Na kwa kuwa kifaranga hana meno, chakula kigumu husagwa ndani ya firigisi kwa msaada wa vijiwe. Aliye nje hujiokotea mwenyewe. Aliye ndani ya boksi hana, kwa hivyo mpe mchanga wa mto uliooshwa, kijiko kimoja kwenye kifuniko, aji-donolee anapotaka. Mchanga wa barabarani una mafuta ya magari.

Jambo moja dogo kwa walio na majirani wakali: tangu mwaka 2015 kaunti ya Nairobi ina sheria inayotambua kilimo na ufugaji wa mjini. Haimaanishi kwamba landilodi atakubali ndoo ya funza mlangoni, ila mnaweza kuzungumza. Ndoo isiyo na nyama wala maji yaliyotuama hainuki sana. Iweke mbali na jiko lake, umpelekee mayai mawili kuku wakianza kutaga.